Farasi wa Chaki na Mikono Isiyojulikana

Kusini mwa Uingereza, mahali paitwapo Overton Hill katika jimbo la Wiltshire, inaanza njia ya miguu ijulikanayo kwa jina la Ridgeway. Maana ya jina hilo ni njia ya mgongoni, kwa kuwa hupita juu ya migongo ya vilima na kuyaacha mabonde chini yake. Urefu wake ni kilomita 139, na mwisho wake ni kilele cha Ivinghoe Beacon katika jimbo la Buckinghamshire. Ilifunguliwa rasmi kuwa njia ya taifa mwaka 1973, lakini nyayo zilizoipita kabla ya hapo hazina idadi. Mtembezi wa wastani huimaliza kwa siku sita hivi, na katika siku hizo hupita kando ya makaburi ya mawe, ngome za udongo, na michoro mikubwa iliyochorwa katika miili ya vilima.

Vilima vyenyewe ni vya chaki, na chaki asili yake ni bahari. Zaidi ya miaka milioni 66 iliyopita nchi hiyo ilikuwa chini ya maji, na magamba ya viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho yakazama na kulundikana chini, tabaka juu ya tabaka, mpaka yakawa jiwe. Mtu wa pwani aliyezoea kuona nyumba zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe hatalistaajabia jambo hilo. Ila chaki ni laini kuliko matumbawe; hukwanguka hata kwa ukucha. Juu yake pana udongo mwembamba na majani mafupi yaliyoliwa na kondoo, na chini ya udongo huo ni weupe mtupu. Anayechimba kidogo tu huupata weupe, na anayeacha kuchimba huurudisha ukijani. Katika sifa hizo mbili za ardhi moja ndimo ilimo habari yote ya michoro ya vilimani.

Kwa maana hiyo, mwenye kuifuata Ridgeway hukutana na aina mbili za kazi za watu wa kale. Ya kwanza ni ngome, ambazo zimedumu kwa uzito wake zenyewe. Ya pili ni michoro, ambayo haina uzito wowote. Ngome ikiachwa miaka elfu mbili huwa na mabega ya mviringo na majani mengi, lakini hubaki ngome. Mchoro wa chaki ukiachwa kwa umri wa mtu mmoja, nyasi huuingilia kutoka pande zote na kuumeza. Hata hivyo, katika njia hiyo upo mchoro mmoja wenye umri wa miaka ipatayo elfu tatu, nao bado unaonekana. Swali ni umefikaje.

Siku ya kwanza msafiri huiacha nyuma Avebury na duara lake kubwa la mawe, akapanda mgongo wa Hackpen, ambako farasi mdogo wa chaki alichorwa mwaka 1838, na baadaye akaifikia Barbury Castle. Neno hilo la Kiingereza humfanya mgeni atazamie kuta na minara, lakini hapana jiwe lililopangwa juu ya jiwe. Kuna matuta mawili makubwa ya udongo na chaki yaliyozunguka kilele, na mahandaki mawili yaliyochimbwa ili kupata udongo wa matuta hayo. Ngome ya namna hiyo ni kazi ya Enzi ya Chuma, karne kadhaa kabla ya miladi, iliyofanywa na watu waliokuwa na majembe ya mti na pembe, vikapu na mabega yao. Si kila ngome ilikuwa ya vita. Nyingine zilikuwa na makazi na mashimo ya kuhifadhia nafaka, na nyingine yaelekea zilikuwa viwanja vya kukutania watu wa nchi yote iliyozunguka. Tarikh za Waanglo-Saksoni zinataja vita vilivyopiganwa Beranburh mwaka 556 miladia, na mahali hapo kwa kawaida hudhaniwa kuwa ndipo Barbury. Kama ni hivyo, ngome ilikwisha kuwa kongwe kwa zaidi ya miaka elfu moja siku ile watu wengine, wa lugha nyingine, walipoipigania.

Karibu na Barbury limesimamishwa jiwe kubwa la kuwakumbuka waandishi wawili wa nchi hiyo. Wa kwanza ni Richard Jefferies, aliyezaliwa mwaka 1848 katika shamba la Coate karibu na mji wa Swindon, na kufariki mwaka 1887 kabla ya kutimiza miaka arobaini. Wa pili ni Alfred Williams, mshairi aliyezaliwa mwaka 1877 katika kijiji cha South Marston. Huyu alikuwa mpiga nyundo katika karakana za reli za Swindon kwa zaidi ya miaka ishirini. Mchana akifua chuma, usiku akijifundisha mwenyewe Kilatini, Kiyunani na hata Kisanskriti. Afya ilipomlazimu kuacha kazi ya moto, alipanda baiskeli akazunguka vijiji vya bonde la juu la mto Thames, akiwatafuta wazee waliokuwa bado na nyimbo za zamani vifuani mwao. Alizokusanya alizichapisha katika kitabu mwaka 1923.

Kazi hiyo ya Williams yafaa kuzingatiwa na kila mpenda tungo. Yeye hakujua kuandika muziki, kwa hiyo aliyaandika maneno tu. Mamia ya nyimbo yakaokoka kwa nusu: beti zipo, lakini kwa nyingi kati yake mahadhi waliyoimbia wazee wale yalikwenda kaburini pamoja na wenyewe. Hapana wa kumlaumu, kwani bila yeye hata maneno yasingekuwapo. Lakini funzo liko wazi. Wimbo una sehemu inayoweza kuwekwa kwenye karatasi, na una sehemu nyingine inayoishi madhali yupo anayeuimba.

Kutoka Barbury njia huteremka, ikapanda tena hadi ngome ya Liddington, iliyopendwa mno na Jefferies, kisha ikaelekea mashariki. Kando yake, ndani ya miti mirefu, ndipo lilipo kaburi liitwalo Wayland's Smithy, yaani kiwanda cha mhunzi Wayland. Ni kaburi refu la mawe na udongo lililojengwa kwa awamu mbili. La kwanza lilijengwa karibu na mwaka 3600 kabla ya miladi, na wachimbuzi wa mwaka 1962 na 1963, Stuart Piggott na Richard Atkinson, walikuta ndani yake mabaki ya watu kumi na wanne. La pili, lenye mawe makubwa yaliyosimama mlangoni, lilijengwa juu ya lile la kwanza baada ya muda usiofika karne mbili.

Wayland hakuwa mmoja wa waliozikwa humo. Ni mhunzi wa hadithi za Wasaksoni na Waskandinavia, na Wasaksoni walifika Uingereza miaka ipatayo elfu nne baada ya kaburi kujengwa. Walilikuta jengo la mawe lisilo na mwenyewe, wakalipa mwenyewe. Jina hilo limo katika hati ya ardhi ya mwaka 955 miladia, na baadaye wanavijiji wakasimulia kwamba msafiri ambaye farasi wake amepoteza kiatu amfunge hapo, aweke sarafu juu ya jiwe na kuondoka. Akirudi atamkuta farasi amekwisha kuvishwa kiatu kipya na sarafu haipo. Mawe yamebaki, maana yake imebadilika mara nyingi, na waliolala ndani hawakuulizwa.

Umbali mfupi kutoka hapo njia hupanda kilima chenye urefu wa mita zipatazo 261 juu ya usawa wa bahari. Kileleni pana ngome ya Uffington Castle, yenye tuta moja na handaki moja. Chini ya ngome, katika mteremko unaotazama kaskazini, amelala Farasi Mweupe.

Aliye karibu naye hamwoni. Huona mstari mweupe unaopinda na kupotea, na mwingine unaotokea mbali. Ni lazima mtu ateremke bondeni na kwenda mbali, au apande angani, ndipo mistari ikusanyike na kuwa mnyama. Urefu wake ni kama mita 110. Mgongo na mkia ni mkunjo mmoja usiokatika. Miguu miwili imeungana na kiwiliwili na miwili imetengana nacho. Jicho ni nukta moja. Na mdomo umekaa kama mdomo wa ndege. Aliyemchora aliacha mengi zaidi ya aliyoyaweka, na bado hakuna anayemtazama asiione mbio yake.

Kwa karne nyingi watu waliuliza ni kazi ya nani. Mwaka 1738 mwanazuoni Francis Wise aliandika kwamba farasi huyo alichorwa kwa amri ya mfalme Alfred, kuwa kumbukumbu ya ushindi wake dhidi ya Wadenmark katika vita vya Ashdown vya mwaka 871. Wengine walimnasibisha na Hengist, kiongozi wa Wasaksoni wa mwanzo, ambaye jina lake lina maana ya farasi. Wanavijiji walikuwa na yao. Chini ya farasi pana kilima kidogo chenye kilele bapa kiitwacho kilima cha Joka, na sehemu moja ya kilele hicho haioti majani. Walisema hapo ndipo Mtakatifu George alipomuua joka, na damu iliyomwagika imeikausha ardhi hadi leo. Katika karne ya 20 wataalamu waliona anafanana na farasi waliochorwa kwenye sarafu za Wakelti, wakamweka katika Enzi ya Chuma.

Jibu lilitoka ndani ya ardhi. Wachimbuzi wa Oxford, wakiongozwa na David Miles na Simon Palmer, walichimba sehemu za farasi huyo kuanzia mwaka 1990 na wakagundua kwamba hakukwanguliwa tu juu juu. Waliomtengeneza walichimba mitaro, mahali pengine yenye kina kinachokaribia mita moja, wakaijaza chaki iliyopondwa na kushindiliwa. Kisha ikatumiwa mbinu ya kupima mwanga uliofungwa ndani ya chembe za mchanga. Chembe iliyofukiwa gizani hukusanya nishati kidogo kidogo; ikichochewa maabara huitoa nishati hiyo kwa njia ya mwanga, na kiasi cha mwanga hueleza ni muda gani umepita tangu chembe ile ilipoonwa na jua mara ya mwisho. Majibu yaliiweka kazi hiyo kati ya mwaka 1380 na mwaka 550 kabla ya miladi. Mfalme Alfred, kama alipita hapo, alimkuta farasi mwenye umri wa miaka isiyopungua elfu moja na mia nne.

Umri huo ndio unaolipa swali uzito wake. Farasi wa chaki asingeweza kujihifadhi mwenyewe. Kwa hiyo katika miaka yote hiyo, hakikuwahi kupita kizazi bila watu kupanda kilimani, kung'oa majani, kuzisafisha kingo na kuponda chaki mpya. Waliofanya hivyo mwanzo walisema lugha za Kikelti. Wakaja Warumi, wakatawala na kuondoka. Wakaja Wasaksoni na dini yao, kisha Ukristo, kisha Wanormandi. Dini zilibadilika, wafalme walibadilika, lugha ya kumwita farasi ilibadilika, na kila kundi lilimpa maana yake. Kazi ya kumpalilia haikubadilika. Mwaka 1677 Thomas Baskerville aliandika kwamba baadhi ya wakazi wa hapo walikuwa na wajibu, ulioambatana na ardhi zao, wa kumtengeneza na kumsafisha. Hawakujua alichorwa na nani wala kwa ajili gani. Walijua kwamba zamu ni yao.

Wajibu huo uligeuka kuwa sherehe. Katika karne ya 18 na ya 19, kila baada ya miaka kadhaa wanavijiji walikusanyika kumsugua farasi, na kazi ikiisha waliingia ndani ya ngome ya Uffington kwa michezo: mieleka, mapigano ya fimbo, mashindano ya farasi wa mikokoteni, na kuyafukuza magurudumu ya jibini yaliyoviringishwa katika mteremko mkali ulio chini ya farasi. Hivyo ngome, ambayo wenyewe walikwisha kusahauliwa, ikapata kazi tena kwa sababu ya mchoro. Sherehe ya mwaka 1857 ilihudhuriwa na umati mkubwa, na Thomas Hughes, mzaliwa wa kijiji cha Uffington, aliitungia kitabu kilichotoka mwaka 1859. Naye G. K. Chesterton alipochapisha utenzi wake juu ya mfalme Alfred mwaka 1911, aliipa sehemu ya mwisho jina la kazi yenyewe ya kumsugua farasi. Kihistoria alikosea kumhusisha Alfred na mchoro huo kama walivyokosea wengi. Lakini aliliona jambo ambalo wanahistoria wengi wa zama zake walilipita: kwamba kitu kikongwe hakibaki hivyo kwa kuachwa kama kilivyo.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika nchi ya chaki hata ukuta wa kujengwa upya hubaki kuwa bahati. Mjini Plymouth, katika uwanda wa Hoe, yalikuwapo majitu yaliyochorwa ardhini, na hesabu za mji za tangu mwaka 1495 zinaonyesha malipo ya kuyasafisha. Ilipoanza kujengwa ngome ya kifalme katika miaka ya 1660 yalitoweka, na leo hapana mtu awezaye kuyaonyesha. Tysoe, katika jimbo la Warwickshire, alikuwapo farasi aliyechorwa katika udongo mwekundu, naye amepotea. Jitu la Cerne Abbas katika jimbo la Dorset, lenye urefu wa mita 55 na rungu mkononi, lilipimwa kwa mbinu ile ile, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2021 yaliliweka kati ya mwaka 700 na 1100 miladia. Lakini maandishi ya kwanza yanayolitaja ni ya mwaka 1694, yahusuyo malipo ya kulitengeneza. Baadhi ya watafiti wamedhani kwamba katikati lilisahauliwa likafunikwa na majani, mpaka watu wa baadaye walipoona kivuli chake na kulifufua. Kwingine watu walichoka na zamu. Farasi wa Westbury alifunikwa saruji katika karne ya 20 na kupakwa rangi nyeupe, na jitu la Wilmington limewekewa alama za matofali ya saruji. Kwa kufanya hivyo walipata umbo lisilopotea upesi, na wakaipoteza sababu ya kukutana.

Hata Farasi wa Uffington hakusalimika kila mara. Baada ya sherehe ya 1857 desturi ilififia, na mwishoni mwa karne hiyo majani yalikwisha kumwingilia. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili alifunikwa kwa makusudi, majani na matawi yakalazwa juu yake ili marubani wa Ujerumani wasimtumie kuwa alama ya njia. Vita vilipokwisha akafunuliwa. Na hasara iliyokuwa ya siri zaidi ilitokea mikononi mwa waliokuwa wakimtunza. Kila aliyepalilia aliacha ukingo usogee kidogo ndani, kiasi cha unene wa kidole, na aliyemfuata aliufuata ukingo aliouona. Watunzaji walipolinganisha picha za miaka ya nyuma na hali ya sasa, waliona kwamba kichwa na shingo vilikwisha kuwa vyembamba, mahali pengine karibu nusu ya upana wa awali. Mwaka 2023 na 2024 ndipo majani yalipoondolewa na upana wa zamani kurudishwa.

Wapokezi wa tungo wanaijua hatari hiyo. Shairi lipokewalo kwa mdomo halipotei tu kwa kusahauliwa. Huweza pia kupunguzwa na mwenye kulipenda, neno hapa na mizani pale, na kila msomaji akadhani hivyo ndivyo lilivyokuwa. Uaminifu wa mkono haumtoshi mpokezi bila uaminifu wa jicho.

Baada ya Uffington njia huendelea. Hupita ngome pana ya Segsbury, ikavuka mto Thames baina ya vijiji vya Streatley na Goring, ikafuata handaki refu la kale ambalo Wasaksoni waliliita kwa jina la Grim, mojawapo ya majina ya mungu wao Woden. Hupita msalaba wa chaki wa Whiteleaf, na hatimaye hupanda Ivinghoe Beacon, ambako nako kileleni pana matuta ya ngome. Kutoka hapo huonekana simba mweupe wa Whipsnade, mwenye urefu wa mita 147, aliyechorwa mwaka 1933 kwa ajili ya bustani ya wanyama. Huyo mwanzo wake wajulikana na sababu yake yajulikana, lakini majani hayajui tofauti. Naye pia lazima apaliliwe.

Leo Farasi wa Uffington yumo mikononi mwa taasisi ya National Trust, na kila kiangazi watu wa kujitolea huitwa kilimani. Wapo wazee waliokuja tangu ujana, na wapo watoto walioletwa na wazazi. Hupewa nyundo, ndoo ya chaki na kipande chao cha mstari. Hupiga magoti na kuponda, chaki ikawarukia usoni na nguoni, mpaka weupe wa zamani ufunikwe na mpya. Kutoka pale walipopiga magoti hawamwoni farasi. Humwona tu yule aliye kushoto kwao na yule aliye kulia, na mbele yao kipande cha ardhi nyeupe kisichozidi upana wa mkeka.